Maisha ya Ibnul Baytar, Mjuzi wa Miti ya Dawa

Huu ni wasifu mfupi wa mtu ambaye wengi wamelisikia jina lake na wachache wameijua kazi yake. Tumemchagua yeye katika matabibu wa Kiislamu, si kwa kuwa aliponya wafalme, wala si kwa wingi wa vitabu vyake, kwani wako waliomshinda kwa yote mawili. Tumemchagua kwa kuwa hakukubali kuandika khabari ya mti mpaka ajue kwa yakini kuwa jina na mti vimekutana. Jambo hili likisikiwa huonekana dogo. Msomaji na asubiri kidogo, ataona kuwa ndani yake mna uhai wa mgonjwa na mauti yake.

Jina lake ni Dhiyauddin Abu Muhammad Abdallah bin Ahmad, na alizaliwa Malaga, bandari ya kusini ya Andalus, katika miaka ya mwisho ya karne ya sita ya Hijria, yaani kabla kidogo ya mwaka 1200 wa Miladi. Baytar kwa Kiarabu ni tabibu wa wanyama, na kwa kazi hiyo ndivyo ukoo wake ulivyojulikana. Andalus ya ujana wake ilikuwa imekwisha kutikisika. Mwaka 609 (1212) jeshi la Muwahhidun lilivunjwa vibaya katika vita vya al-Iqab, na baada ya hapo miji ya Waislamu ikawa yaanguka mmoja baada ya mmoja. Cordoba yenyewe ilitoka mikononi mwao mwaka 633 (1236).

Alisoma Sevilla, mji ambao Waarabu waliuita Ishbilia, na mkubwa wa walimu wake alikuwa Abul Abbas al-Nabati, aliyejulikana pia kwa jina la Ibnul Rumiyya. Mwalimu huyu alikuwa na ilimu mbili ambazo leo twaziona ziko mbali mbali: alikuwa mwanachuoni wa hadithi na alikuwa mjuzi wa mimea. Lakini mwenye kufikiri ataona kuwa ni tabia moja. Mtu wa hadithi haridhiki na maneno mpaka ajue nani kayapokea kwa nani, na kama mpokezi ni mtu wa kuaminiwa. Abul Abbas alizichukua khabari za majani kwa mizani hiyo hiyo: nani aliuona mti huu, aliuona wapi, au alinakili tu maneno ya mwenziwe? Mwanafunzi alikuwa akitoka naye kwenda maporini kando ya mji kukusanya mimea, na tabia hiyo ikamwingia, isimtoke maisha yake yote.

Hapa yapasa tueleze shida waliyokuwa nayo matabibu wa zama hizo. Msingi wa ilimu ya dawa ulikuwa kitabu cha Dioscorides, Myunani aliyeishi katika karne ya kwanza ya Miladi, aliyetaja miti na mimea kama 600 pamoja na dawa za wanyama na mawe. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad katika karne ya tatu ya Hijria na Istifan bin Basil, kisha Hunayn bin Ishaq akakisahihisha. Mfasiri alipolijua jina la Kiarabu aliliweka. Asipolijua aliliacha jina la Kiyunani kama lilivyo, akitumai kuwa atakuja mtu baadaye atakayeujua mti huo. Kwa hakika huo ulikuwa uaminifu mkubwa, lakini uliwaachia waliokuja nyuma majina matupu. Mfalme wa Konstantinopoli alimpelekea zawadi Khalifa Abdurrahman wa Tatu huko Cordoba, nakala ya Kiyunani yenye picha za mimea, na hakupatikana mtu wa kuisoma. Ikalazimu kuombwa padri ajuaye lugha, naye akafika mwaka 340 (951). Baadhi ya majina yakatatuliwa. Mengine yakabaki vile vile mpaka zama za Ibnul Baytar.

Basi karibu na mwaka 617 (1220) akaondoka Andalus, wala hakurudi tena. Alipita Maghrib yote, akishika njia ya Bijaya, Qusantina, Tunis, Tarabulus na Barqa, kisha akafika nchi za Warumi, yaani Anadoli na ardhi za Wayunani. Huko hakwenda kutalii. Alikwenda kuwauliza watu wanaosema lugha ya Dioscorides na wanaokaa penye miti yake: huu mwauitaje, na ule mwautumia kwa nini? Kila alipopita alijuana na wajuzi wa mitishamba wa mahali pale, na akaiona mimea katika udongo wake, mibichi, yenye mizizi na maua, si mikavu ndani ya magunia ya wauza dawa.

Katika safari ya Maghrib alichukua khabari ya mmea mmoja uliotajwa katika kitabu chake kikubwa. Waberberi huuita atirilali, na maana yake ni mguu wa ndege. Unashabihi shibiti kwa shina na mzizi na kichwa cha maua, ila maua ya shibiti ni ya manjano na ya huu ni meupe, na mbegu zake ni ndogo na zina uchungu. Palikuwa na kabila moja la Waberberi upande wa Bijaya waliojulikana kuwa wanatibu mbalanga, ule ugonjwa wa ngozi kupoteza rangi na kuwa na mabaka meupe, ambao Waarabu huuita barasi. Watu wakiwaendea kutoka mbali. Lakini wenyewe waliuficha mmea wao, baba akimwusia mwana peke yake, mpaka siku moja ikatokea mtu akaujua, na siri ikaenea.

Kila pwani ina jamaa wa namna hii, na kwetu wako. Hatuwalaumu wote, kwani mtu ana haki ya kula kwa ujuzi wake. Lakini tazama yanayofuata ilimu ikifichwa: akifa mzee ghafla, dawa imezikwa naye, na mgonjwa wa kijiji cha pili hajaisikia kamwe. Ibnul Baytar alifanya kinyume chake. Aliandika yote: jinsi ya kuutambua mmea, mbegu husagwa na kunywewa pamoja na asali, kisha mgonjwa hukaa katika jua kali saa moja au mbili, mahali penye ugonjwa pakiwa wazi, mpaka atoke jasho. Hapo ngozi yenye mabaka hutoka malengelenge, na yakisha kupasuka na kupona, rangi huanza kurudi. Akaeleza kuwa siku za joto ndizo zifaazo, na kwamba mahali penye nyama hupona upesi kuliko penye mfupa, na kwamba yeye mwenyewe alikwisha kuijaribu zaidi ya mara moja akaiona yafaa, ila watu si sawa katika kuipokea. Asitoke mtu kuifanya nyumbani kwake. Mmea huu huifanya ngozi iungue kwa jua, na akizidisha kipimo mtu hupata vidonda vya moto. Leo dawa itokayo kwake hutolewa na tabibu tu, kwa kipimo na kwa muda maalumu.

Alipofika Misri, Sultani al-Kamil wa ukoo wa Ayyub, aliyekuwa mpwa wa Salahuddin, alimweka kuwa mkuu wa wajuzi wote wa mitishamba katika nchi hiyo. Hiki hakikuwa cheo cha heshima tu. Dawa ziliuzwa sokoni na watu wa kila namna, na mwenye kuuza mzizi wa mti huu kwa jina la mti ule alikuwa akiuza mauti kwa mizani, ajue asijue. Alipokufa al-Kamil mwaka 635 (1238), Ibnul Baytar akamtumikia mwanawe, al-Salih Najmuddin Ayyub, na kwa huyu ndiye alivyoviandika vitabu vyake viwili vikubwa.

Khabari zake zilizo nzuri kabisa tumezipata kwa mwanafunzi wake, Ibn Abi Usaybia, aliyeandika tabaka za matabibu. Walikutana Damascus mwaka 633 (1235). Mwanafunzi anasimulia kuwa alimwona ni mtu wa tabia njema, mkarimu na mpole kwa wenziwe, na walitoka pamoja nje ya mji kuitazama mimea mingi mahali inapoota. Kisha wakirudi wakivisoma vitabu: Dioscorides, Galen, al-Ghafiqi na wengineo. Mwalimu alikuwa akianza na jina la dawa kwa Kiyunani, kama alivyolihakikisha katika nchi za Warumi, kisha sifa za mmea na kazi yake kama alivyosema Dioscorides, kisha alivyosema Galen, kisha waliokuja nyuma, wamekubaliana wapi na wamekhitilafiana wapi, na nani kakosea. Yote haya alikuwa akiyasema kwa hifadhi. Mwanafunzi akirudi kwake alikuwa akivifungua vitabu, asione neno lililopungua. La kustaajabisha zaidi ni kuwa mwalimu hakutaja dawa ila alitaja na mlango ambao imo katika kitabu, na ni ya ngapi kwa hesabu katika mlango huo.

Kitabu chake kikubwa ni al-Jami, mkusanyo wa dawa na vyakula ambavyo havijachanganywa na kingine, navyo ndivyo wanavyoviita mufradat. Ndani yake mna vitu kama 1,400, vimepangwa kwa herufi za alifu hadi yaa ili mtafutaji asipotee, na wanachuoni kama 150 wametajwa kila mmoja kwa maneno yake. Msomaji wa pwani akikifungua hatajiona mgeni: ataikuta habbasoda, ukwaju, tangawizi, pilipili na shubiri. Katika dibaji ameeleza masharti aliyojiwekea. Alilothibitisha kwa macho na kwa majaribio ameliweka, na ambalo halikuthibiti ameliacha, hata kama msemaji wake ni mkubwa. Na kila mahali ambapo tabibu au muuza dawa amekosea, amepaonyesha. Na jina la kila mti ameliandika kwa lugha zote alizoweza: Kiarabu, Kiyunani, Kiajemi, Kiberberi, na ile lugha ya Kilatini waliyoisema watu wa Andalus.

Majina haya ndiyo kazi iliyomchosha, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Tuchukue mfano wa hapa petu. Mwarobaini hakuna asiyeujua. Watu huchemsha majani yake kwa homa. Na uko mti mwingine, ndugu yake, unaofanana nao kwa majani, ambao wengine huuita mwarobaini nusu. Matunda ya huu wa pili yana sumu, na mtoto akila mengi huweza kufa. Mtu akimwandikia nduguye wa mji mwingine atumie mwarobaini, asiseme ni upi, na yule asiyejua akauchuma ulio karibu na mlango wake, ni nani mwenye dhambi? Jina ni moja, na miti ni miwili. Ibnul Baytar alikwenda kwa miguu na kwa jahazi nusu ya dunia ya wakati wake kwa ajili ya jambo hili tu.

Wala hakuwaonea haya waliotangulia. Ibn Jazla wa Baghdad, aliyekufa mwaka 493 (1100), alikuwa ameandika kitabu cha dawa kinachoitwa Minhaj, kikapendwa sana na matabibu. Ibnul Baytar aliandika kitabu kizima kuyaeleza makosa yaliyomo ndani yake. Huenda wengine wakaona ni ujeuri. Sisi twaona kuwa kitabu cha dawa si kama diwani ya mashairi, mtu akakiacha na ila zake kwa kumstahi mwenyewe. Kitabu chake cha pili kikubwa, al-Mughni, hakufuata herufi bali maradhi, kwa milango ishirini, kiungo baada ya kiungo, ili tabibu aliye mbele ya mgonjwa apate haraka anachokitaka.

Alikufa ghafla Damascus katika mwezi wa Shaaban, mwaka 646 (1248). Katika mwezi huo huo Sevilla, mji aliojifunzia majani, ulijisalimisha kwa mfalme wa Castilla baada ya kuzingirwa kwa miezi mingi. Mwalimu wake Abul Abbas alikuwa amekwisha kutangulia mwaka 637 (1239). Allah awarehemu.

Kitabu chake kikaishi. Kilipigwa chapa Bulaq, nchini Misri, mwaka 1291 (1874) kwa mijalada minne, na Mfaransa Lucien Leclerc akakifasiri na kukitoa Paris baina ya 1877 na 1883. Na ule mmea wa Waberberi wa Bijaya ulirudi kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia. Katika mwaka 1947 wanakemia wa Misri, Fahmy na wenziwe, waliitoa katika mbegu zake ile asili ifanyayo ngozi iitikie jua, na mwaka 1948 tabibu wa ngozi wa Cairo, El Mofty, akatangaza matokeo ya kuwatibu kwayo wagonjwa wa mbalanga. Tangu 1974 dawa hiyo hiyo, pamoja na taa maalumu badala ya jua, ikatumika katika hospitali za Marekani na Ulaya kwa maradhi mengine ya ngozi pia. Mmea wenyewe waota katika bonde la Nile bila kupandwa, katikati ya mashamba, nao huhesabiwa kuwa ni magugu.