Jacques-Yves Cousteau, mwenye kushuka chini ya bahari

Sisi wa huku Mokambo tuko mbali na bahari, lakini kushuka mahali hewa ni kidogo, ile tunaijua. Leo tunawasimulia maisha ya Mufaransa mumoja aliyeshuka sana.

Cousteau alizaliwa tarehe 11 Juni 1910, ku Saint-André-de-Cubzac. Aliingia jeshi la majini, akitaka kurusha ndege. Mu 1936 aksida ya motoka ikamuvunja mikono, na ndege zikaishia pale. Akaanza kuogelea ili mikono ipate nguvu tena. Mu 1943, pamoja na enjenia Émile Gagnan, akatengeneza kifaa cha kumupa mutu hewa ndani ya maji, kutoka mu chupa anazobeba mugongoni.

Mu 1955 yeye na watu wake wakaenda na meli yao Calypso paka ku Assumption, kisiwa kidogo cha Ushelisheli, kaskazini ya Madagaska. Juu ya kisiwa, wachimbaji walikuwa wamebeba mbolea ya mavi ya ndege miaka mingi, na ndege wengi walikuwa wamepotea. Lakini mu maji samaki walijaa. Mumoja mukubwa wakamuita Jojo. Aliwafuata kama imbwa, paka wakamufungia mu kizimba ju alisumbua kazi.

Filimu ya safari zile, Le Monde du silence, ikapata Palme d'or ku Cannes mu 1956. Lakini tusifiche: mule wanakaa juu ya kobe, wanaua papa kwa hasira, wanalipua baruti ili wahesabu samaki. Sisi wa mugodi tunajua: baruti haichague.

Kiisha akageuka. Mu 1960 alipinga kutupa takataka za nyuklia mu bahari ya Mediterania. Mu 1979 mutoto wake Philippe, mwenzake wa kazi, akafa mu aksida ya ndege, muzee akaendelea. Akawaomba wakubwa wa dunia waache Antaktika, na mu 1991 mataifa yakapatana kukataza kuchimba madini kule. Alikufa ku Paris tarehe 25 Juni 1997.

Kwetu kuchimba njo mukate. Hatuwezi kumufuata mu yote. Lakini yeye mwenyewe alianza na baruti, akajifunza kuacha kitu kwa ajili ya watoto. Na sisi, siku mugodi utafunga, tutawaachia watoto wetu mito ya namna gani?