Grand Kallé na besi ya «Indépendance Cha Cha»: ni nani aliyeipiga?

Kila mara tarehe 30 Juni inapokaribia, wimbo mmoja unarudi kwenye redio za Goma na kwenye simu za watu: «Indépendance Cha Cha». Unapigwa mjini, unapigwa Kanyaruchinya kando ya barabara ya Rutshuru, chini ya mlima Nyiragongo. Na pale unapopigwa, mabishano hayakosekani. Ni nani aliyeimba, ni nani aliyekuwa kwenye solo, na hasa ni nani aliyepiga besi? Kuna anayesema Franco. Kuna anayesema Rochereau alikuwemo. Kuna anayesema wote walikuwa watu wa African Jazz, kwa sababu ndilo jina linalotajwa pamoja na wimbo.

Ukweli ni kwamba Franco hakuwemo na Rochereau hakuwemo. Wote wawili walibaki Léopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa. Aliyepiga besi anaitwa Armando Brazzos, na hakuwa mtu wa African Jazz. Alikuwa mpiga gitaa wa OK Jazz, orkestra iliyokuwa ikishindana na African Jazz kila mwisho wa juma. Ili kufahamu namna alivyofika pale, tunapaswa kufuata maisha ya mtu aliyemwita: Joseph Kabasele Tshamala, ambaye Wakongomani walimpa jina la Grand Kallé.

Kabasele alizaliwa tarehe 16 Desemba 1930 huko Matadi, mji wa bandari katika Kongo ya Chini. Jamaa yake ilikuwa ya asili ya Kasai, na ilikuwa jamaa yenye heshima: Joseph Malula, yule padri aliyekuja kuwa kardinali wa Kinshasa, alikuwa ndugu wa ukoo huo. Angali mtoto alipelekwa Léopoldville. Huko alisoma shule za mapadri na kuimba katika kwaya ya kanisa, na kwaya ndiyo iliyomfundisha kutumia sauti yake laini bila kupiga kelele. Alipokua alifanya kazi za ofisini, kama vijana wengi waliosoma wakati ule wa Wabelgiji. Lakini muziki ulimvuta.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Léopoldville ilikuwa na studio za wafanyabiashara wa Ulaya, na Kabasele aliingia katika moja yao, iliyoitwa Opika. Mwaka wa 1953 alianzisha African Jazz. Jina lenyewe lilitangaza nia yake: muziki wa mtu mweusi wa mjini, wenye mavazi safi, wenye vyombo vya kisasa. Santuri za rumba kutoka Cuba zilikuwa zimekwisha kuenea katika Kongo yote. Kabasele alichukua mdundo huo, akaupa maneno ya Kilingala, akaongeza tumba, vyombo vya kupuliza na gitaa za umeme. Hapo ndipo ilipozaliwa njia ambayo mafundi wa muziki wanaiita hadi leo shule ya African Jazz.

Ndani ya orkestra hiyo kulikuwa na ndugu wawili wa tumbo moja. Mkubwa alikuwa Charles Mwamba, aliyeitwa Déchaud, ambaye alipiga gitaa la kusindikiza. Mdogo alikuwa Nicolas Kasanda, aliyezaliwa mwaka wa 1939 huko Mikalayi katika Kasai. Huyu mdogo aliingia studio angali kijana wa shule, na vidole vyake vikawashangaza watu kiasi kwamba walimwita Docteur Nico.

Upande wa pili wa mji, mwaka wa 1956, ilizaliwa OK Jazz. Kwenye gitaa alikuwa Franco Luambo Makiadi, kwenye sauti Vicky Longomba. Kuanzia hapo Léopoldville iligawanyika. African Jazz ilipendwa sana na makarani na watu waliosoma, OK Jazz ilipendwa sana na watu wa mitaa. Mashabiki walibishana katika baa kama vile leo watu wanavyobishana juu ya timu za mpira. Mwanamuziki wa upande huu kupiga na wa upande ule halikuwa jambo dogo.

Kisha siasa zikaingia. Tarehe 4 Januari 1959 Léopoldville iliwaka moto wa ghasia, na utawala wa Wabelgiji ukaanza kutikisika. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 20 Januari 1960, viongozi wa vyama vya Kongo waliketi na Wabelgiji mjini Brussels, katika mkutano wa Table Ronde, yaani Meza ya Duara. Patrice Lumumba alikuwa gerezani wakati mkutano unaanza. Ilibidi afunguliwe, akapanda ndege kwenda kuungana na wengine. Tarehe 27 Januari siku ya uhuru ikajulikana: 30 Juni 1960.

Wazo la kuleta wanamuziki kutoka nyumbani lilitoka kwa Thomas Kanza, msomi Mkongomani aliyekuwa Brussels. Viongozi walihitaji kusherehekea, na haikufaa washerehekee kwa muziki wa watu wengine. Kabasele ndiye aliyepewa kazi hiyo.

Angeweza kuchukua watu wake tu. Hakufanya hivyo. Kutoka African Jazz alichukua Docteur Nico kwa solo, Déchaud kwa gitaa la kusindikiza, Roger Izeidi kwa marakasi na sauti, na Pierre Yantula, aliyeitwa Petit Pierre, kwa ngoma. Halafu akavuka mpaka ambao mashabiki walifikiri hauvukiki: kutoka OK Jazz alichukua Vicky Longomba ili waimbe pamoja, na Brazzos ili akamate besi. Watu saba tu, vijana karibu wote. Nico alikuwa hajafikisha miaka 21.

Mjini Brussels walipiga mbele ya wajumbe wa mkutano, katika hoteli ya Plaza, na huko huko Ubelgiji walirekodi nyimbo zao. Moja iliitwa «Table Ronde». Nyingine ilikuwa «Indépendance Cha Cha». Kabasele alifanya jambo jepesi lakini la akili kubwa: alitaja ndani ya wimbo majina ya viongozi na majina ya vyama, waliokuwa wakielewana na waliokuwa hawaelewani, wote katika beti zilezile. Mtu wa Kivu aliyezungumza Kiswahili na asiyejua Kilingala aliweza kufuata wimbo kwa yale majina peke yake. Yeyote aliyekuwa na chama chake alilisikia jina lake humo. Mwaka ule nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, na wimbo huu uliimbwa hata katika nchi ambazo hakuna aliyejua Kilingala.

Sasa turudi kwenye besi. Msikilizaji wa kawaida anafuata sauti ya Kabasele, kisha anafuata gitaa la Nico. Besi haimwiti mtu. Lakini ukisikiliza kwa makini, ndiyo inayokaa chini ya nyumba yote kama mawe ya msingi. Nico anaweza kupanda na kushuka anavyotaka kwa sababu kuna mtu chini anayerudia hatua zilezile bila kuchoka, na wachezaji wanajua mahali pa kuweka mguu. Kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa Brazzos, mtu ambaye nyumbani alizoea kupiga na Franco. Hakukuwa na miezi ya mazoezi. Wawili wa OK Jazz walipaswa kuingia haraka katika mtindo wa watu wa African Jazz, na waliingia vizuri hadi leo hakuna anayesikia mahali walipounganishwa.

Kwa nini basi watu hawakulijua jina lake? Sababu iko kwenye santuri. Karatasi ya duara katikati ya santuri za wakati ule ilikuwa na nafasi ndogo. Iliandika jina la wimbo, jina la mtunzi au mwimbaji mkuu, na jina la orkestra. Wapigaji hawakuandikwa. Wimbo ukatoka kwa jina la Kabasele na African Jazz, na kila aliyenunua aliamini kwamba waliopiga ni wale aliowaona jukwaani Léopoldville. Jina la OK Jazz likapotea, na pamoja nalo jina la mtu wa besi. Baada ya miaka, Franco na Rochereau walipokuwa wakubwa kupita wote, watu wakaanza kuwaweka hata pale ambapo hawakuwepo. Mkubwa huvuta kila kitu kwake.

Kabasele mwenyewe aliona mapema kwamba jina na mali ya muziki vinapaswa kuwa mikononi mwa Wakongomani. Mwaka huohuo wa 1960 alianzisha nyumba yake ya santuri, Surboum African Jazz, ikiwa kati ya za kwanza kumilikiwa na Mkongomani. Tena hakuifungia milango wapinzani: santuri za OK Jazz nazo zilitoka humo. Mwaka wa 1961, akiwa Brussels, alikutana na kijana wa Kamerun mwenye saksafoni, Manu Dibango, akamwingiza katika kazi yake. Dibango alikuja hadi Léopoldville, na baadaye dunia nzima ikamjua.

Lakini mambo ya fedha na ya uongozi yalimshinda. Wanamuziki wake walianza kunung'unika juu ya mapato. Mwaka wa 1963, Docteur Nico, Déchaud, Izeidi na Rochereau, ambaye alikuwa ameingia African Jazz mwaka wa 1959, waliondoka kwa pamoja na kuunda African Fiesta. Kabasele alibaki na jina la orkestra bila watu wake. Alikusanya wengine, akaendelea, lakini African Jazz ile haikurudi. Nao waliomwacha hawakudumu pamoja: mwaka wa 1965 Nico na Rochereau walitengana, kila mmoja na kundi lake. Katika miaka iliyofuata Kabasele alifanya kazi Ulaya, akarekodi huko na Dibango na wengine kwa jina la African Team. Nyimbo zilikuwa nzuri, ila vijana wa Kinshasa walikuwa wamekwisha kugeukia gitaa za kasi zaidi.

Joseph Kabasele alifariki Kinshasa tarehe 11 Februari 1983, akiwa na miaka 52. Docteur Nico alimfuata Septemba 1985, Vicky Longomba mwaka wa 1988. Damu ya Vicky iliendelea katika muziki: Awilo Longomba ni mwanawe, na wale vijana wa Longombas waliovuma Kenya ni wajukuu zake. Mwezi wa Desemba 2021, UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu. Heshima hiyo ni ya Kinshasa na Brazzaville, na ni ya kila aliyekamata chombo bila jina lake kuandikwa.

Wengine watauliza faida ya kubishana juu ya besi ya mwaka wa 1960. Kwa watu wa Kanyaruchinya faida ipo, na si ndogo. Mahali hapa pamepokea mara mbili, mwaka wa 2012 na tena kuanzia mwaka wa 2022, maelfu ya watu waliokimbia vita vya Rutshuru, na wengi wao walifika bila karatasi hata moja. Watu hao wanajua maana ya kuwa mahali fulani, kufanya kazi fulani, halafu kukosa jina kwenye orodha. Asiyeandikwa huhesabiwa kama hakuwepo. Hivyo ndivyo ilivyomtokea mpiga besi wa wimbo unaojulikana kupita nyimbo zote za nchi hii.

Tena kuna somo kwa vijana wanaorekodi leo katika studio ndogo za Goma. Mara nyingi wimbo unatoka na jina la mwimbaji peke yake. Aliyepiga gitaa, aliyetengeneza mdundo, aliyeitikia nyuma, wanabaki bila jina. Wimbo ukifa, hakuna aliyepoteza. Wimbo ukipendwa na kuleta franga, hapo ndipo ugomvi unapoanza, na hakuna karatasi ya kuamua. African Jazz ilivunjika kwa manung'uniko ya namna hiyo, nayo ilikuwa orkestra kubwa ya nchi nzima. Kuandika majina ya wote, siku ileile ya kurekodi, ni kazi ya dakika tano.

Na kwa wale wanaobishana, jibu ndilo hili: sauti ni za Kabasele na Vicky Longomba pamoja na Izeidi, aliyeshika pia marakasi, solo ni Docteur Nico, gitaa la kusindikiza ni Déchaud, ngoma ni Petit Pierre, na besi ni Brazzos. Watano wa African Jazz, wawili wa OK Jazz. Wimbo wa uhuru wa Kongo haukupigwa na kundi moja. Ulipigwa na wapinzani ambao Kabasele aliwakalisha pamoja, na hadi leo, kila tarehe 30 Juni, tunaicheza kazi yao.