Kurt Debus, fundi wa fuze aliyefikia mpaka Shaba

Leo tunawaletea maisha ya Kurt Debus. Huyu Mjerumani alirusha fuze za vita, akarusha za kwenda mwezini, na mwisho kazi yake ikafika hapa kwetu Kongo.

Alizaliwa Frankfurt mwaka 1908, akasomea umeme Darmstadt. Wakati wa vita ya Hitler alikuwa Peenemünde, akijaribu kombora V-2. Aliingia chama cha SS, na mwaka 1942 alimushitaki mwenzake kwa polisi ya siri juu ya maneno ya siasa.

Sisi watu wa karieri tusikilize hapa vizuri. V-2 zilitengenezwa ndani ya mulima, karibu na Nordhausen, mahali palipokuwa pamechimbwa mawe. Wafungwa wa kambi ya Dora walipanua mashimo yale kwa nguvu, wakilala humo humo ndani ya vumbi, bila jua. Wafungwa karibu 60,000 walipita kambini, na karibu 20,000 walikufa. Kutengeneza V-2 kuliua watu wengi kuliko V-2 zenyewe zilivyoua zilipoanguka London na Antwerp.

Vita ilipoisha mwaka 1945, Waamerika hawakumufunga Debus. Walimuchukua, sababu walihitaji ufundi wake. Mwaka 1962 akawa mukubwa wa kituo cha kurushia fuze kule Florida. Tarehe 16 Julai 1969, Apollo 11 iliondoka pale kwenda mwezini. Yeye alistaafu mwaka 1974.

Kisha akawa rais wa baraza la OTRAG, kampuni ya Mjerumani mwingine, Lutz Kayser, iliyotaka kurusha satelaiti kwa bei ya chini. Serikali ya Mobutu iliipa kampuni hiyo nchi ya kilometa mraba karibu 100,000 huko Shaba, kusini yetu. Ni kubwa kuliko Kivu Kusini nzima! Na mukataba ule ulitiwa sahihi na wakubwa wa Kinshasa, si na wenyeji. Tarehe 17 Mei 1977 fuze ya kwanza iliruka karibu na muto Luvua.

Urusi ikalalamika: ilisema hayo ni makombora ya vita yaliyofichwa. Kampuni ilikataa. Lakini kila fundi anajua kwamba fuze inayobeba satelaiti inaweza kubeba bomu pia. Mwaka 1979 Mobutu aliwaambia wafunge, nao wakaenda Libya.

Debus alikufa Florida mwaka 1983. Kule mwezini kuna shimo kubwa linaloitwa kwa jina lake. Wale waliokufa ndani ya mashimo ya Dora, wengi hawana hata kaburi. Sisi tunaoshuka chini kila siku tukumbuke hao pia. Na siku kampuni itakapokuja na mukataba juu ya udongo wetu, tuulize mapema: kitu hiki ni cha kazi gani, na ni nani anatia sahihi kwa jina letu?