Mwenda wa Bayeke: gitare ya Likasi yenye ilifika mbali bila ampli

Mutu akitembea leo Likasi, kuanzia Buluo mpaka Shituru, atasikia muziki tangu asubuhi. Bafle ya muuza simu, bafle ya nganda, bafle ya kanisa, kila moja inataka kushinda ya jirani. Lakini muziki wenye ulifanya muji huu ujulikane inje ya Kongo ulikuwa wa kijana mumoja na gitare kavu, yenye haikukuwa na waya hata moja ya umeme. Kijana huyo ni Jean-Bosco Mwenda, na wengi walimujua kwa jina la Mwenda wa Bayeke.

Alizaliwa mwaka wa 1930 kule Bunkeya, makao ya zamani ya mfalme Msiri. Wayeke walitoka upande wa Tanzania ya leo katika karne ya 19, wakafuata biashara ya shaba na pembe, na Msiri akatawala hapo mpaka alipouawa Desemba 1891. Kwa hiyo jina hilo la Bayeke lilikuwa na uzito kwa mutu wa Bunkeya, halikukuwa la mapambo ya muziki.

Wakati wa ujana wake Likasi iliitwa bado Jadotville. Jina la Likasi lilirudi mwaka wa 1966. Union Minière ilikuwa inaleta watumishi kutoka pande nyingi, na Kiswahili ndicho kiliwaunganisha. Umeme ulikuwako, juu barrage ya Mwadingusha kwenye muto Lufira ilikuwa inatumika tangu mwaka wa 1930, lakini ulijengwa kwa ajili ya viwanda kwanza. Kijana mwenye alitaka muziki alitafuta gitare ya mbao na nyuzi za chuma, anaikaa inje, marafiki wanamuzunguka.

Gitare kavu ina sauti ndogo. Watu kumi, labda makumi mawili wakinyamaza, wanaisikia vizuri. Na Mwenda alijenga namna yake ndani ya udogo huo. Alitumikisha vidole viwili tu: kidole gumba kwa nyuzi nene, kidole cha shahada kwa nyuzi nyembamba. Gumba linatembea kwa mwendo wake, kile kingine kinaimba juu, mara kinatangulia, mara kinachelewa kidogo. Mutu asiyemuona anaweza kuapa kwamba wako wapigaji wawili. Utamu wake wote uko pale, katika nafasi kati ya vidole viwili, na kelele kidogo tu inatosha kuufunika.

Mwaka wa 1952 akapita Hugh Tracey. Huyu alikuwa Mwingereza mwenye alikuja kulima tumbaku Rhodesia ya Kusini miaka ya 1920, akaacha shamba na kuanza kuzunguka Afrika kushika muziki wa wenyeji kwa masini. Akamusikia Mwenda anapiga barabarani Jadotville, akamusimamisha, akamurekodi. Kati ya nyimbo za wakati ule ziko « Masanga » na « Bombalaka ».

Tuelewe vizuri kazi ile, juu watu wanafikiri kurekodi ni kubonyeza tu. Mikro ina utando mwembamba. Sauti ya gitare inautikisa, na mutikisiko ule unageuka kuwa umeme mudogo sana, wenye hauwezi kufanya kitu peke yake. Lazima upite ndani ya ampli, wakati ule ya lampe za kioo zenye kupata moto, ili uongezeke mara nyingi mbele ya kufika kwenye mukanda. Hapo ndipo fundi anajulikana. Akiongeza sana, uzi wa chuma ukigongwa kwa nguvu sauti inapasuka. Akipunguza sana, anabaki na mulio wa mukanda wenyewe, shhh, na kidole cha shahada kinapotea ndani yake. Tena ampli haina akili ya kuchagua: inaongeza gitare, inaongeza pia kuku, kikohozi cha jirani na upepo.

Tracey alikuwa na desturi yenye mafundi wengi hawakuipenda: hakutegemea mikro yenye kusimama kwenye mguu wa chuma. Aliishika kwa mukono, akaisogeza mwenyewe karibu na kitu chenye alitaka kisikilike. Kwa gitare ya vidole viwili, jambo hilo si dogo. Sentimeta chache mbele au nyuma, na gumba linamumeza mwenzake. Katika « Masanga » vyote viwili vinasikika wazi, kila kimoja mahali pake. Sifa kubwa ni ya Mwenda, lakini mukono wenye kushika mikro ulikuwa na sikio.

Kampuni ya Gallo ya Afrika ya Kusini ikatoa nyimbo zile kwenye sahani, kwa jina la Gallotone. Sahani ya wakati ule ilizunguka mara 78 kwa dakika na ilibeba karibu dakika tatu kila upande, basi wimbo ulipaswa kumalizika hata kama mupigaji alikuwa bado na maneno. Gramofoni nyingi za kijijini zilifungwa kwa mukono kama saa, bila umeme. Kwa hiyo gitare isiyo na ampli iliingia katika nyumba zisizo na umeme, na « Masanga » ikapata tuzo ya Osborn yenye ilitolewa kwa muziki bora wa Afrika wa mwaka ule wa 1952. Mwenda alikuwa na miaka 22.

Kuelekea mwaka wa 1959 watu wa dawa ya Aspro wakamuita Nairobi afanye matangazo ya redio. Watu wa Kenya walikuwa wamekwisha kuzoea sahani zake. Sasa wakamusikia kila mara hewani. Vijana wa kule wakaanza kutafuta ile namna ya vidole viwili, na hata leo wazee wa gitare ya Kenya wakihesabu walimu wao, jina la Bosco halikosekani. Binamu yake Edouard Masengo alifuata njia hiyohiyo ya Nairobi. Kidonge cha kichwa kilifanyia muziki wa Katanga kazi yenye wizara nyingi hazijafanya.

Hata hivyo, Mwenda hakuishi kwa gitare peke yake. Alikuwa mutu wa ofisi, alitumika kwenye banki, na sehemu kubwa ya maisha yake aliikaa Lubumbashi. Huenda ilikuwa busara, kwa sababu mambo yalikuwa yanageuka upande wa Léopoldville. Miaka ya 1950, Bill Alexandre, Mubelgiji wa studio ya CEFA, alileta gitare ya umeme. Ile gitare haingoji watu wanyamaze. Chini ya nyuzi zake kuko sumaku yenye kuzungushiwa waya mwembamba. Uzi wa chuma ukitikisika, umeme unazaliwa, ampli inauongeza, na bafle inafikia watu mia tano wenye wanacheza na kunywa. Orkestra za African Jazz na OK Jazz zikajenga muziki mupya juu ya nguvu hiyo. Mwenye bar angalilipa mutu mumoja na gitare kavu kwa sababu gani, wakati wateja hawamusikii kutoka meza ya tatu?

Wapigaji wengi wa gitare kavu wa Katanga walifunikwa hivyo. Mwenda hakukataa umeme, na yeye pia alisimamia orkestra zenye vyombo vya umeme. Lakini kipaji cha vidole viwili hakikui sana kwa ampli. Ukiongeza sauti ya juu, nafasi kati ya vidole inafungwa na gumba la mupiga gitare linagongana na besi ya orkestra. Kuko mambo yenye kuongezwa yanapungua.

Ajabu ni kwamba wakati nyumbani alianza kusahauliwa, mbali walikuwa wanamusikiliza kwa makini zaidi. Mwaka wa 1961 na 1962 muchunguzi David Rycroft aliandika noti zake moja baada ya nyingine, baada ya kurudilia sahani bila kuchoka, akaonyesha kwamba Mwenda hapigi wimbo namna moja mara mbili. Mwaka wa 1969 Mwenda alipanda kwenye jukwaa la Newport, Marekani. Miaka kumi baadaye Mwingereza John Low alifunga safari mpaka Shaba, kama Katanga ilivyoitwa, kutafuta wapigaji wale wa sahani za zamani. Akamukuta Mwenda na akajifunza kwake. Mwaka wa 1982 alipiga Ujerumani. Mwaka wa 1988 akaingia studio Cape Town, mutu wa miaka 58, akapiga tena nyimbo za ujana wake kwa masini nzuri kuliko zile za Jadotville.

Wenye wamesikia rekodi zote mbili hawakubaliani. Ya Cape Town ni safi, haina shhh. Ya 1952 iko na haraka ya kijana mwenye hajui bado kwamba kuna mutu atamusikiliza kesho. Mutu mwenye kaske nzuri anaweza kupima mwenyewe. Wako hata wenye kutengeneza kaske zisizotumikisha sumaku: utando mwembamba sana unatikiswa na umeme katikati ya sahani mbili zenye matundu, na zinaomba ampli yake ya pekee yenye kutoa volti mamia, kazi yenye fundi hapaswi kuigusa akiwa na usingizi. Wanatafuta kitu kimoja tu: kusikia kidole kinaacha uzi. Kwa gitare ya Mwenda kitu hicho kiko ndani ya mukanda tangu 1952, hakingoji kutengenezwa.

Alikufa Septemba 1990 katika ajali ya gari. Rekodi za Tracey zinalindwa Afrika ya Kusini, katika maktaba ya muziki yenye Tracey alianzisha mwaka wa 1954 na yenye iko sasa kwenye chuo kikuu cha Rhodes, katika muji wa Makhanda. Mutoto wa Likasi mwenye anataka kusikia muji wake ulivyokuwa unasikika mwaka wa 1952, mukanda wenyewe uko kule.