Julius Kambarage Nyerere (1922–1999): Rais na Adhabu ya Kifo

Mwanafunzi, habari za Mwalimu Nyerere umezisikia tangu shule ya msingi. Unaijua Butiama, unaijua TANU, unalijua Azimio la Arusha. Kwa hiyo hapa maisha yake tutayapitia upesi, kisha tutatua mahali ambapo vitabu vingi hupita kimya: vifo vilivyotokea kwa mkono wa serikali wakati yeye ndiye mkuu wa nchi. Maswali kuhusu haki ya kuishi, utawala wa sheria na uwajibikaji wa viongozi wengi huyajibu kwa hoja za jumla. Ukiwa na mfano wa mtu mmoja, wenye majina na tarehe, jibu lako litakuwa na uzito. Na kama unasoma Shinyanga, Kahama au Geita, sehemu muhimu ya mfano huu ilitokea nyumbani kwenu.

Maisha yake kwa kifupi

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na mama yake Mgaya wa Nyang'ombe. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaendelea Tabora, kisha Makerere, na kuanzia 1949 hadi 1952 alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh. Alifundisha Tabora na baadaye Pugu. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 akiwa rais wake, na mwaka uliofuata aliacha ualimu.

Kanda ya Ziwa ilikuwa ngumu kwa chama chake. Serikali ya kikoloni iliipiga TANU marufuku katika Jimbo la Ziwa tangu 1954 hadi 1958. Mwaka huo wa 1958 watu wa Geita walilikataa baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi walilowekewa na Waingereza, na maelfu wakaandamana kwenda Mwanza. Mwaka huohuo Nyerere alishitakiwa Dar es Salaam kwa kuwakashifu wakuu wawili wa wilaya katika gazeti la chama. Alipatikana na hatia, akatakiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au aende jela miezi sita. Alilipa. Jambo hili lishike: mtu ambaye baadaye alishika uamuzi wa mwisho juu ya maisha ya wafungwa, mwenyewe aliwahi kusimama kizimbani akisubiri hukumu.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Nyerere akawa Rais wa Tanganyika mwaka 1962, na wa Jamhuri ya Muungano kuanzia Aprili 1964 hadi alipong'atuka tarehe 5 Novemba 1985.

Kalamu iliyorithiwa

Adhabu ya kunyongwa hadi kufa haikutungwa na TANU. Imo katika Kanuni ya Adhabu ambayo Waingereza waliiweka mwaka 1930, na serikali ya uhuru ikaendelea nayo. Chini ya sheria hiyo, jaji akishamtia mtu hatiani kwa kosa la kuua kwa kukusudia hana uchaguzi wa adhabu. Ni kifo tu. Hapa ndipo watahiniwa wengi wanapokosea, wakaandika kwamba mahakama ndiyo inayonyonga. Mahakama inahukumu. Rufaa ikishindwa, jalada linakwenda kwa Rais, naye ndiye anayeamua: aidhinishe mtu anyongwe, abadilishe adhabu iwe kifungo, au asamehe. Hakuna kamba inayofungwa bila idhini yake. Ndiyo maana mjadala wa adhabu ya kifo hauishii kwa majaji. Ni mjadala wa siasa pia, kwa kuwa uamuzi wa mwisho uko mkononi mwa mwanasiasa.

Kisa kinachojulikana kuliko vyote ni cha Iringa. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dakta Wilbert Klerruu, alikwenda Ismani kwenye shamba la mkulima mkubwa wa mahindi, Saidi Mwamwindi. Wakati huo serikali ilikuwa ikisukuma wakulima wa Ismani waingie vijiji vya ujamaa. Walizozana, Mwamwindi akampiga risasi akafa, kisha akaupakia mwili katika gari la marehemu na kuupeleka polisi yeye mwenyewe. Kesi ilisikilizwa na Jaji Onyiuke mwaka 1972. Upande wa utetezi ulieleza kwamba mshitakiwa alichokozwa na kwamba akili yake haikuwa sawa wakati ule. Haukufaulu, akahukumiwa kifo.

Jalada likafika kwa Nyerere. Fikiri uzito wake. Aliyeuawa alikuwa mjumbe wake, aliyetumwa kutekeleza siasa yake. Aliyeua alikuwa mkulima, na ujamaa ulisema mkulima ndiye mwenye nchi. Kumsamehe kungeweza kuonekana ni ruhusa ya kuwapiga risasi watumishi wa serikali. Kumnyonga kungeweza kuonekana ni kisasi cha dola juu ya mtu aliyegoma kunyang'anywa shamba. Mwamwindi alinyongwa. Ukubali au ukatae uamuzi huo, njia yake inaonekana: palikuwa na mahakama ya wazi, wakili, hukumu iliyoandikwa, na mtu mmoja ambaye jina lake liko juu ya uamuzi wa mwisho.

Vifo visivyo na sahihi

Kuna vifo vingine ambavyo havikupita njia hiyo, na kwa maoni yangu ndivyo vinavyompima Mwalimu kwa ukali zaidi.

Abdulla Kassim Hanga na Othman Shariff walikuwa viongozi wakubwa wa Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964. Hanga alikuwa Makamu wa Rais, na Shariff aliwahi kuwa waziri na balozi Marekani. Baadaye walikosana na serikali ya Sheikh Abeid Amani Karume. Mwaka 1969 walikuwa Bara, chini ya mamlaka ya Nyerere, wakakamatwa na kupelekwa Zanzibar. Huko waliuawa. Nyerere hakutia sahihi hati yoyote ya kuwanyonga. Lakini bila serikali yake kuwakabidhi wasingefika. Sheria inaweza kumwondolea mtu lawama ya namna hiyo. Historia haifanyi hivyo kwa wepesi. Usiogope kuliandika hili. Kumheshimu Baba wa Taifa hakumaanishi kuifuta 1969.

Linganisha na kilichotokea miaka mitatu baadaye. Karume aliuawa kwa risasi tarehe 7 Aprili 1972, na Zanzibar ikawashitaki watu wengi kwa uhaini, baadhi yao wakiwa mahabusu Bara, akiwemo Abdulrahman Babu. Mahakama za wananchi za Zanzibar wakati huo hazikuruhusu mawakili. Safari hii Nyerere hakuwakabidhi. Babu alihukumiwa kifo Zanzibar bila kuwapo, lakini yeye mwenyewe alikuwa gerezani Bara, akaachiwa mwaka 1978. Ni vigumu kutoona kivuli cha Hanga na Shariff katika uamuzi huo. Hata hivyo kumbuka kwamba Babu alikaa ndani miaka sita chini ya sheria ya kuweka watu kizuizini ya mwaka 1962, ambayo nayo ilimpa Rais nguvu kubwa bila mahakama. Alimwepusha na kifo, hakumpa uhuru.

Shinyanga na Mwanza, 1976

Sasa tuje kwetu. Usukumani kulikuwa na mauaji ya vikongwe, hasa akina mama, walioshukiwa uchawi. Wakati mwingine ushahidi wote ulikuwa macho mekundu, ambayo mama yeyote aliyepika kwa kuni au samadi miaka hamsini anaweza kuwa nayo. Mwaka 1976 serikali iliamua kuyakomesha. Polisi na Usalama wa Taifa wakafanya msako katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Zingatia kwamba Geita wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Mkoa wake ulianzishwa mwaka 2012. Mamia ya watu walikamatwa. Wakiwa mahabusu waliteswa, na baadhi yao wakafa.

Lengo lilikuwa jema: kuokoa wazee wasiuawe. Waliokufa kituoni hawakuwa wamehukumiwa na jaji yeyote, na wengine pengine hawakuwa na kosa lolote. Hiki ni kifo cha mkono wa serikali bila kesi, bila rufaa, bila jalada kwenda Ikulu.

Mwanzoni mwa 1977 viongozi wanne walijiuzulu. Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani. Peter Siyovelwa, Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Rais. Peter Kisumo, Mkuu wa Mkoa wa Mwanza, na Marco Mabawa, Mkuu wa Mkoa wa Shinyanga. Hakuna kati yao aliyeshika kirungu. Walijiuzulu kwa sababu waliotesa walikuwa chini yao, na Nyerere akazikubali barua zao. Maofisa waliohusika walishitakiwa, na baadhi wakafungwa.

Huu ndio mfano bora wa uwajibikaji wa kisiasa katika nchi yetu, nawe uujue vizuri kuliko ule wa Ulaya unaokaririwa darasani. Tofautisha maneno mawili: hatia ni ya aliyetenda, na inaamuliwa mahakamani, dhamana ni ya aliyekabidhiwa ofisi, na inalipwa kwa kuiacha ofisi hiyo. Maofisa walikuwa na la kwanza, mawaziri walikuwa na la pili.

Swali ambalo mwanafunzi makini atauliza ni hili: kama dhamana inapanda kutoka kituo cha polisi hadi kwa mkuu wa mkoa, na kutoka kwake hadi kwa waziri, kwa nini ikome kwa waziri? Polisi walikuwa wa Mwinyi, na Mwinyi alikuwa wa Nyerere. Kuna wanaojibu kwamba Rais alitimiza wajibu wake kwa kuruhusu uchunguzi na mashitaka, jambo ambalo marais wengi wa Afrika wa wakati ule hawakulifanya; jirani yake Idi Amin alikuwa akipiga watu risasi hadharani. Mimi naona jibu hilo ni la kweli lakini ni nusu. Kwa vifo vya 1976 palikuwa na barua nne za kujiuzulu. Kwa Hanga na Shariff hapakuwa na hata moja.

Baada yake

Nyerere alifariki London, hospitali ya St Thomas, tarehe 14 Oktoba 1999. Aliyempokea urais mwaka 1985 alikuwa Mwinyi yuleyule aliyejiuzulu kwa ajili ya vifo vya Shinyanga na Mwanza, na pamoja na Ikulu alipokea majalada ya waliohukumiwa kifo. Watu waliendelea kunyongwa katika kipindi chake. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Dodoma, alitamka kwamba adhabu hiyo inavunja Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Tangu katikati ya miaka hiyo ya 1990 hakuna aliyenyongwa Tanzania.

Hukumu hazikukoma. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kunyongwa wanaume watatu kwa kumuua mtoto mwenye ualbino wilayani Bukombe, na wengi wetu tulishangilia, tena bila aibu. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema kwamba kumlazimisha jaji atoe adhabu ya kifo bila uchaguzi kunakiuka haki ya kuishi.

Kabla ya hapo, Septemba 2017, Rais John Magufuli, mzaliwa wa Chato mkoani Geita, alipomwapisha Jaji Mkuu alieleza kwamba hatatia sahihi hati za kunyonga, na akaomba asipelekewe majina. Sheria yenyewe hakuigusa. Baadhi ya waliokuwa katika vyumba vya wanaosubiri kunyongwa walibaki humo, wakisubiri Rais atakayefuata.