Mfahamu Geiger, mzee wa kile kidude kinacholia tik tik



Tangu habari za urani ya Mto Mkuju kule Namtumbo zianze kuvuma, kila kijiwe ni mionzi tu. Leseni ya mgodi ilitoka mwaka 2013, na Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua kiwanda cha majaribio. Shida ni kwamba mionzi haionekani, hainuki, wala haina ladha. Utajuaje ipo? Ataletwa mtu na kidude cha mkononi kinacholia tik tik. Basi leo tumjue aliyekianzisha, na tujue pia kinadanganya wapi.

Jamaa anaitwa Hans Geiger, Mjerumani aliyezaliwa Septemba 30, 1882, mtoto wa profesa. Mwaka 1906, mwaka uleule Wajerumani walipowanyonga mashujaa wa Majimaji pale Songea, yeye alikuwa anamaliza udaktari wake wa fizikia huko Erlangen. Baada ya hapo akaenda Manchester, Uingereza, na huko akafanya kazi na Ernest Rutherford.

Enzi hizo kuhesabu mionzi ilikuwa kazi ya macho. Unajifungia kwenye chumba cha giza, unatumbulia hadubini, unahesabu vimulimuli vidogo kimoja kimoja. Macho yakichoka, hesabu imeharibika. Mwaka 1908 Geiger na Rutherford wakatengeneza chombo cha umeme cha kuhesabu badala ya jicho. Mwaka 1909 yeye na kijana Ernest Marsden wakaona chembe chache zikigonga karatasi ya dhahabu na kurudi nyuma, na hapo ndipo Rutherford alipopatia wazo la kiini cha atomu.

Geiger akarudi Berlin mwaka 1912, akapigana Vita Kuu ya Kwanza kwenye mizinga, kisha akawa profesa Kiel mwaka 1925. Huko, mwaka 1928, yeye na mwanafunzi wake Walther Müller wakatoa kile tunachokijua leo: bomba lenye gesi na waya katikati yenye umeme mkali. Mionzi ikipita inaivunja gesi, umeme unaruka, unasikia tik! Rahisi, imara, inabebeka.

Sasa sikilizeni hapa vijana. Kila baada ya mlio, bomba linapumzika kidogo sana kabla ya kuhesabu tena. Mionzi ikiwa kali kupita kiasi, halipati nafasi ya kupumzika, na baadhi ya vyombo huonyesha namba ndogo au hata sifuri. Yaani kimya chake kinaweza kuwa hatari kuliko kelele! Tena mionzi ya alfa, ambayo urani hutoa, huzuiwa hata na karatasi, kwa hiyo bomba lenye ukuta mnene haliioni kabisa. Ongeza betri iliyochoka, na chombo kisichohakikiwa miaka nenda rudi.

Mnabisha? Chernobyl, Aprili 26, 1986: vipimo vingi walivyokuwa navyo viliishia roentgen 3.6 kwa saa. Sindano ikafika mwisho, wakubwa wakaamini ndiyo hali halisi, kumbe mionzi ilikuwa juu mno. Watu walikufa.

Lakini tusitishane pia. Mionzi ya asili ipo kila mahali, hata kwenye udongo wa shamba lako, na chombo kizima kitalia kidogo popote.

Kwa hiyo akija mtu na kidude, muulizeni kwa heshima: kimehakikiwa lini, na cheti kiko wapi? Kinapima mionzi ya aina gani? Mwisho wa kipimo chake ni ngapi? Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania (TAEC), iliyowekwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003, ndiyo yenye jukumu la kusimamia mambo ya mionzi. Kuuliza si ujinga, ni haki ya anayeishi hapo.

Mzee Geiger alifariki Potsdam, Septemba 24, 1945, mgonjwa na amekimbia nyumba yake baada ya vita, wiki chache tu baada ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki. Jina lake limebaki kwenye kile kidude. Alitupa sikio la kusikia kisichoonekana, ila kulitunza sikio hilo lisizibe ni kazi yetu.

Wadau, mnasemaje?