Sayyid Mohamed: Mwanamume wa vita aliyemlilia farasi

Kama umekulia Hadado, au popote pale Wajir na Garissa, bila shaka umewahi kumsikia mzee akighani gabay usiku, ngamia wamelala zizini na chai ya maziwa inapita mkono kwa mkono. Pengine hukuuliza ni shairi la nani. Mara nyingi huwa la Sayyid Mohamed Abdille Hassan, yule ambaye Waingereza walimwita Mullah mwendawazimu. Mwendawazimu hakuwa, lakini mtu mwepesi pia hakuwa.

Alizaliwa mwaka 1856 katika nyika za kaskazini mwa Somalia. Babake alikuwa wa ukoo wa Ogaden, ukoo ambao jamaa zake unawajua, tena pengine mmesoma nao Garissa. Mamake alikuwa Dhulbahante. Alihifadhi Kurani angali mdogo, akaenda Makka, akajiunga na tariqa ya Salihiya, kisha akarudi Berbera karibu na mwaka 1895. Kufikia 1899 alikuwa amewakusanya wafuasi wake, Madarwishi, na kuanzisha vita dhidi ya Waingereza na Wahabeshi ambavyo vingemfuata hadi kufa kwake. Orodha ya mapigano utaipata kwenye vitabu vya historia. Mimi nataka uangalie silaha yake nyingine, ile ambayo haikuhitaji risasi.

Lugha ya Kisomali haikuwa na maandishi rasmi hadi 1972. Sasa fikiria: una vita, huna gazeti, huna redio, na watu wako wametawanyika visimani kwa umbali wa siku nyingi za kutembea. Utawafikiaje? Sayyid alitunga. Karibu naye walikuwepo wahifadhi, watu wa kulisikia shairi na kulishika neno kwa neno, na aliyejulikana zaidi kati yao ni Husayn Dhiqle, mwenyewe mshairi hodari. Wahifadhi wakiondoka, shairi limeondoka. Linafika kisimani kabla ya jeshi, na aliyetukanwa ndani yake hana pa kujificha, maana hata wachungaji wadogo tayari wanalighani.

Na matusi, wee, yalikuwa makali! Katika beti zake, adui si mtu mbaya tu. Ni mwoga, si mwanamume. Koo zilizokataa kumfuata alizivua uanaume mbele ya watu wote. Wengine hawakunyamaza. Ali Jama Habil alimjibu kwa mashairi yenye sumu ileile, na vita vya maneno vikaenda sambamba na vya mikuki.

Ukitazama vizuri, uanaume wenyewe ulikuwa kama mchezo wa jukwaani wenye mavazi yake. Darwishi alijulikana kwa kilemba cheupe. Kuna farasi, kuna mkuki, kuna dhikri ya pamoja. Kijana aliyekuwa juzi akichunga mbuzi za mjomba wake alivaa kilemba akawa mtu mwingine. Nani hapendi kuwa mtu mwingine akiwa na miaka 18?

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Agosti 1913, pale Dul Madoba. Richard Corfield, kamanda wa kikosi cha askari wa ngamia, aliwafuata Madarwishi ingawa wakubwa wake walikuwa wamemkataza kuingia vitani, akauawa. Kikosi cha Madarwishi kiliongozwa na Ismail Mire, ambaye naye alikuwa mshairi. Sayyid ndiye aliyetunga shairi ambalo watu wanalikumbuka. Humo anazungumza na maiti. Anamwagiza Corfield awasimulie watu wa ahera jinsi alivyokufa, hatua kwa hatua, hadi fisi walivyofika. Linatisha. Pia ni sanaa ya hali ya juu, na sidhani ni lazima uchague moja kati ya hayo mawili.

Lakini jiulize ni nani hayumo. Gabay ilihesabiwa kuwa utanzu wa wanaume. Wanawake walikuwa na buraanbur yao. Mvulana ambaye moyo wake ulivutwa na buraanbur angekaa wapi? Yule aliyeogopa damu je, au aliyependa kwa namna ambayo haikuwa na jina zuri pale kambini? Katika beti za vita mtu kama huyo hutokea mara moja tu, akiwa tusi. Hakuna shairi la Sayyid linalomtetea. Nasema hivi kwa sababu tusi hilohilo bado liko nasi, na wewe unalijua. Mvulana akilia msibani, au akitembea tofauti kidogo, utasikia anaitwa msichana, na anayeita anadhani ametoa hoja.

Ajabu ni kwamba Sayyid mwenyewe alikuwa na upande mwingine. Alikuwa na farasi aliyeitwa Hiin Finiin, na ikafika siku akalazimika kuachana naye. Shairi alilotunga kwa ajili yake si la kamanda. Anamsifu mnyama huyo kama mtu anavyomsifu mpenzi, uzuri wake na mwendo wake, na uchungu wake hauufichi hata kidogo. Mtu aliyewacheka wengine kwa unyonge alisimama mbele ya wapiganaji wake akaomboleza farasi, na hakuna aliyethubutu kumwita mwanamke. Machozi yalikuwa halali, mradi yapite ndani ya gabay na yatoke kwa mkubwa.

Tusimpambe kupita kiasi, lakini. Aliwaua Waislamu wenzake waliompinga, na wengi walionyang'anywa mifugo walikuwa Wasomali wenzake. Mnamo 1909 ilifika barua kutoka Makka, kwa kiongozi wa tariqa yake mwenyewe, ikimlaani kwa vitendo hivyo. Kisha, Waingereza walipojiondoa hadi pwani na kuwagawia koo bunduki, nchi ikachinjana. Wanahistoria wengi wanaandika kwamba takriban theluthi moja ya wanaume wa Somalia ya Waingereza walikufa kwa vita na njaa ya miaka hiyo. Theluthi, yaani katika darasa lenye wavulana 30, toa kumi.

Mwisho ulitoka angani. Januari 1920 Waingereza walileta ndege 12, kitu ambacho Madarwishi hawakuwahi kukiona. Inasimuliwa kwamba ndege zilipotokea, Sayyid alivaa mavazi yake mazuri, akaketi na wazee wake chini ya kitambaa cheupe kuwasubiri wageni hao. Bomu likaanguka. Mjomba wake akafa kando yake, na nguo za Sayyid zikaungua. Baada ya wiki chache ngome zake za mawe kule Taleh zilitekwa, naye akakimbilia Ogaden na watu wachache. Ndui na uvamizi vikawapunguza zaidi.

Alikufa Desemba 1920, karibu na Imi, kwa homa ya mafua. Alikuwa na miaka 64. Baadaye alijengewa sanamu Mogadishu, yuko juu ya farasi, lakini serikali ilipoanguka mwaka 1991 ikabomolewa na vyuma vyake vikachukuliwa. Shairi la Hiin Finiin bado lipo. Muulize mzee wako jioni hii kama analijua, na akikubali kulighani, mtazame uso anapofika pale pa kumuaga farasi.